Sauti ya Kenge

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Paa la banda letu ni mabati matupu, kwa hiyo ukitaka kumtukana mtu inabidi umsogelee kwanza. Kasuku, mdogo wangu, amerudi mchana amelowa chapachapa, sinema mpya kaikumbatia ndani ya shati utadhani mtoto mchanga. Ya Kijapani. Kwenye jalada kuna mnyama mkubwa anakanyaga mji, na maandishi ambayo kati yetu hakuna anayejua hata herufi moja. Nikamuuliza, utatafsirije lugha usiyoijua? Akanijibu, "Dada, hata Kichina sikijui, na mwaka jana walilia."

Ni kweli walilia. Kazi yetu ndiyo hiyo. Mimi nakaa mlangoni, yeye anakaa kando ya spika na kipaza sauti chake, picha inapita kwenye shuka jeupe, naye anawaambia watu nani anasema nini. Asichokijua anakitunga. Anaiga sauti ya mtu yeyote mtaani, ndiyo maana wakamwita Kasuku.

Jumanne, 4 Machi

Onyesho la kwanza. Mnyama anatoka baharini na magamba yake, anavunja ghorofa kwa mkia bila hata kugeuka kutazama. Hajamaliza kutoka majini, watu walishambatiza: Kenge. Mwanzoni Kasuku alimpa sauti ya mzee wa kukohoa, watu wakaanza kupiga miayo. Kisha akaona namna Kenge anavyoburuta mguu mmoja. Akaacha kukohoa, akamtolea sauti ya Mwenye Bucha.

Mwenye Bucha ni jirani yetu, tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Ni mtu wa miraba minne, anaburuta mguu, na sauti yake inatoka tumboni. Mteja akilalamika kwamba mifupa imezidi, yeye huinua panga la kukatia nyama na kuuliza taratibu, "Nani kasema?" Sijawahi kusikia mtu akijibu. Basi leo jeshi zima limejipanga mbele ya Kenge, jenerali anapiga kelele kwamba hapiti mtu hapa, Kenge anageuza shingo, na Kasuku anamtolea: "Nani kasema?" Banda lilipasuka kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikashika kizingiti.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Wajenzi hawana kazi, wote wamehamia kwetu. Tumeazima mabenchi.

Jumamosi, 8 Machi

Sinema ikiisha watu hawatoki, wanabaki kubishana. Fundi Viatu anasema Kenge hana kosa. Alikuwa kajilalia zake chini ya bahari, wakamlipulia mabomu. Ukimwamsha mtu kwa mabomu, anasema, usitegemee akuulize umeamkaje. Mwalimu mstaafu akasimama kueleza kwamba ile miji ni maboksi na ndani ya Kenge kuna mtu anatoka jasho, akazomewa mpaka akakaa. Wajenzi wako upande wa jeshi, kwa sababu wao wanajua ghorofa inavyoumiza mgongo mpaka isimame. Sasa tuna Wana-Kenge kushoto na Wana-Jeshi kulia, na katikati hapakaliki.

Leo wamefikia kupigana. Mjenzi mmoja aling'olewa jino kwa kiwiko, akalitafuta chini ya benchi kwa tochi ya simu huku damu inamchuruzika kidevuni, akalitia mfukoni, akarudi kumvaa aliyemng'oa. Fundi Viatu akamkaba koo yule mjenzi mpaka macho yakamtoka. Niliwatenganisha kwa fagio. Kasuku anaona raha tu, na anawachochea. Kenge akitoka majini, yeye anawamwagia wa mbele beseni la maji. Kenge akikanyaga, anapiga ukuta wa mabati kwa rungu. Watu wanapiga yowe, wanacheka, kesho wanarudi.

Mke wa Mwenye Bucha naye yumo kila siku. Anakaa benchi la mbele peke yake, mtandio umefunika nusu ya uso, hasalimii mtu. Mizinga ikianza kulia anasimama: "Mpige! Tena! Ya kichwa!" Nikasema moyoni, huyu mwanamke hana haya, na mumewe yuko ukuta wa pili anasikia sauti ile anayoigizwa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Fundi Viatu na mjenzi hawasemeshani ila wanakaa sehemu zilezile.

Jumamosi, 15 Machi

Mafuriko yamekata barabara kuu. Nyama haijafika tangu juzi, ndoano za bucha zinaning'inia tupu. Lakini leo alasiri, kabla ya onyesho, nilisikia kishindo ukutani. Puu. Kimya. Puu. Kasuku akasema jirani anakata mifupa. Mifupa ipi, nikamuuliza, wakati hana hata utumbo? Akashughulika na nyaya zake.

Nikaweka sikio ukutani. Panga likigonga gogo nalijua, nimelisikia miaka yote. Hiki kilikuwa kitu kizito kinachogonga ukuta kila kinaposukumwa. Kisha nikasikia pumzi ya mtu, karibu kabisa, kana kwamba naye ameweka shavu upande wake.

Jumapili, 16 Machi

Nimeenda bucha kujifanya naulizia nyama. Mwenye Bucha hayupo. Mkewe alikuwa anapiga deki, mdomo umepasuka, sikio limevimba. Nikamwuliza vipi. Akasema kateleza kwenye mafuta. Nikasema pole, nikatoka. Nimekuwa nikimwita hana haya.

Jumatano, 19 Machi

Leo nilimwekea mto kwenye benchi lake. Akanitazama, akanisalimia. Kumbe watoto wake ni pacha, wako kwa bibi yao, aliwapeleka huko mwaka jana. Nimeanza kumwita Mama Pacha.

Jumamosi, 22 Machi

Watu walipotoka, Mama Pacha alibaki. Akamwendea Kasuku pale kwenye spika akamwuliza kwa nini Kenge hafi. Kasuku akamweleza kwa upole kwamba picha ndivyo ilivyo, wanampiga, anaungua, anarudi baharini.

"Picha ni yao," akasema Mama Pacha. "Maneno ni yako. Sema amekufa."

Kasuku akacheka, kisha akaona yule mwanamke hacheki. Akamwahidi.

Jumapili, 23 Machi

Ahadi imetugharimu mabenchi. Kenge anaingia baharini mwishoni, mkia juu, kifua mbele, na Kasuku anatangaza kwa huzuni kwamba mnyama amekata roho, mji umepona, watu wakazike wafu wao. Kisha Fundi Viatu akauliza, "Kafa wakati anaogelea?" Wana-Jeshi wakajibu kafa, mtafsiri kasema. Wana-Kenge wakasema ana afya kuliko mtafsiri. Benchi la kwanza lilirushwa kutoka kushoto.

Sijawahi kuona watu wazima wakichapana namna ile kwa ajili ya mnyama wa mpira. Fundi Viatu alipasuliwa kichwa kwa mguu wa benchi, ngozi ikafunguka mpaka nikaona weupe. Mtu mmoja alimng'ata mwenzake shavu na hakuachia mpaka nilipommwagia lile beseni la maji. Nilipoteza kiatu. Katikati ya vurugu yote Mama Pacha alikuwa kakaa kwenye mto wake, anatazama shuka lililokwisha kuwa jeupe, anatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliopona. Leo nilimpenda.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Kenge amekufa tena. Watu ni wengi kuliko jana, wanakuja kumwona akifa ili wakatae.

Jumatano, 2 Aprili

Watoto wa mtaani sasa wanamwita Mwenye Bucha "Kenge" na kukimbia. Leo alikuja mlangoni. Hakupandisha sauti. Alinishika kifundo cha mkono kama anayenisalimia, akabana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Nasikia ndugu yako ananiua kila siku," akasema. "Na mke wangu anampigia makofi."

Nikamwambia ni sinema tu. Akaendelea kubana, akitazama ndani ambako benchi la mbele linaonekana vizuri. Kisha akaniachia, akaondoka na mguu wake.

Nimegombana na Kasuku vibaya. Nimemwambia aiache ile sauti. Anasema watu wanaijia hiyo, bila hiyo ni mpira na maboksi. Nikamwuliza, wewe unapigwa? Akaenda kuweka sinema. Nilikuwa nikijivunia kipaji chake. Leo nimeona kwamba anapenda kushangiliwa kuliko anavyopenda watu.

Jumatatu, 7 Aprili

Benchi la mbele tupu, leo siku ya nne. Ukuta nao umenyamaza. Afadhali ungegonga.

Jumatano, 9 Aprili

Mama Pacha yuko kwangu. Alikuja kwa mlango wa uani asubuhi mvua ikinyesha, jicho moja limeziba kabisa, shingoni alama za vidole, kumi zote, unaweza kuzihesabu. Safari hii hakusema ameteleza. Alisema, "Alikuwa ananiuliza nani kasema afe. Nisipojibu ananikaba. Nikitaka kujibu sina pumzi."

Anataka kwenda kwa mama yake, kwa wanawe. Barabara bado imekatwa, wanasema labda wiki ijayo maji yatapungua. Kazi yetu ni kumweka hai mpaka hapo. Nyumba yangu ina kitasa kinachovunjika kwa kusukumwa na bega, basi tumeamua mchana ashinde bandani. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Penye watu wote wale atanifanya nini?" Nikaona ana akili. Sote tuliona.

Ijumaa, 11 Aprili

Kasuku ameapa mbele yangu. Kuanzia kesho Kenge ataongea kama mzee wa kukohoa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika, maana nisipoandika nitakuja kuamini yale watakayosema wao.

Mvua ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Mama Pacha mbele, kwenye mto wake. Mimi mlangoni, na rungu la Kasuku mapajani, nikiitazama barabara, kwa sababu mlango ni mmoja. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nyuma ya lile shuka kuna mlango wa zamani wa kupitia bucha, uligongelewa mbao kabla hatujapanga hapa. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mlango.

Kasuku alianza na sauti ya kukohoa. Watu wakamzomea. Fundi Viatu, kichwa bado kina bandeji, akapiga kelele kwamba wanataka Kenge wao. Wakaanza kukanyaga chini wote kwa pamoja, kushoto na kulia, kwa mara ya kwanza wamekubaliana. Nilimwona Kasuku akinitazama. Nikatikisa kichwa, hapana. Akainua kipaza sauti, akaitoa ile sauti. Walishangilia mpaka sikusikia mvua.

Ikafika pale jeshi linapojipanga. Jenerali anasema hapiti mtu. Na sauti ikauliza, "Nani kasema?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka. Nimeshaliandika, silifuti. Nilicheka kwa sababu ilitoka vizuri kuliko siku zote, ilitoka mbele, ikatoka tena, "Nani kasema?", na mara hiyo nikamwona Kasuku, kipaza sauti kiko mapajani mwake na mdomo umefunga.

Panga lilipasua shuka toka juu mpaka chini. Mwenye Bucha akapita katikati, aproni nyeupe, na picha yote ikamwangukia yeye, moto wa mizinga kifuani, mji usoni. Jamani, walipiga makofi. Walidhani ni mchezo, kama beseni, kama mabati. Wana-Kenge walisimama juu ya mabenchi. Kasuku alidaka kipaza sauti akalia, "Jamani, si mimi! Huyu ni mwenyewe! Ni mwenyewe kweli!" Wakazidi kucheka, maana alilisema kwa sauti ya mtu anayelia, na hawajawahi kumsikia akilia vizuri namna ile.

Mama Pacha hakupiga kelele. Aliinua mkono wa kushoto mbele ya uso. Panga likashuka mara ya kwanza likakata vidole viwili, mara ya pili likaingia kwenye mfupa wa mkono na kunasa. Mwenye Bucha alikuwa analichomoa kwa kumwekea mguu kifuani, anavyochomoa kwenye gogo. Damu iliwarukia wa mbele. Mtu mmoja alijipangusa akicheka, akatazama kiganja, akakilamba kidogo, na hapo kicheko kikakatika.

Fundi Viatu ndiye wa kwanza. Aliruka toka kwenye benchi alilosimamia, akaliokota benchi lenyewe, akampiga nalo Mwenye Bucha ubavuni. Nilisikia mbavu. Panga likatoka, likamchana Fundi Viatu paja. Kisha wote wakamwangukia, Wana-Kenge na Wana-Jeshi, kwa mabenchi, kwa matofali, kwa spika. Nilipita juu ya migongo ya watu na rungu langu. Nilimpiga kwenye ule mguu anaoburuta. Nikampiga tena, ya kichwa. Nilikuwa nasema maneno ya Mama Pacha, mpige, tena, na nilifurahia, na sijui nilipiga mara ngapi.

Aliyetuzuia ni Mama Pacha mwenyewe. Alikuwa kakaa chini ameegemea ukuta, Kasuku kamfunga mkono kwa kipande cha shuka, kipande kinavuja. Aliniita, "Dada." Mara moja tu. Nikaliacha rungu likaanguka.

Mwenye Bucha alikuwa bado anapumua. Mashine ilikuwa bado inaendelea, picha inapita ukutani kwenye mbao zilizovunjika. Tulimbeba Mama Pacha kwa benchi, kwenye mvua, mpaka hospitali.

Jumapili, 13 Aprili

Mama Pacha yuko hai. Vidole viwili wamekosa cha kufanya. Mkono wameushona. Mwenye Bucha amewekwa ndani.

Ijumaa, 18 Aprili

Kasuku haongei. Hata chai anaomba kwa kuonyesha kikombe.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumefungua tena kwa sababu tunakula. Nimelishona shuka mwenyewe, mshono unaonekana. Nilidhani watu watakuja wameinamisha vichwa. Wamekuja na maoni. Walisimama barazani wakikwepa mvua na kuijadili ile siku kama wanavyojadili sinema. Mmoja anasema panga lilishuka mara tatu, mwingine mbili. Mmoja anasema Mwenye Bucha alikosea kupita kati, angepita pembeni. Kisha yule mjenzi wa jino akasema naye mwanamke alizidi, kumtukana mume hadharani kila siku, mwanaume yeyote angeamka. Alikuwa Mwana-Jeshi, huyo. Nilimzaba kofi la kuweza kumng'oa jino la pili. Nikamwambia asikanyage hapa.

Fundi Viatu alikuwa amekaa pembeni, mguu kaunyoosha na nyuzi zake. Akasema polepole kwamba na yeye alikuwa akisema hivyohivyo juu ya Kenge. Waliomwamsha ndio wenye makosa. Akasema hataki tena kukaa kushoto. Miezi yote hii nilimwona mgomvi asiye na kichwa.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua, barabara imefunguliwa, nyama imefika bucha nyingine. Na Mwenye Bucha ametoka. Ndugu zake wameelewana na wakubwa huko, ndivyo tunavyoambiwa. Mama Pacha aliposikia alikunja uzi wa kitambaa chake cha bandeji, akakunjua. Ataondoka Jumatatu ya tarehe 12, wakishamtoa nyuzi za mwisho. Tumeongeza komeo mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Jua limetoka leo, mabati yamenyamaza, kila kitu kinasikika.

Mama Pacha aliomba Kenge. Nilimkatalia, akasema hataondoka huku mwisho aliouona ukiwa ule. Kasuku akaiweka bila kugusa kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza tukaisikia sinema yenyewe. Wajapani wanaongea Kijapani chao, na Kenge haongei kabisa, ananguruma tu. Mwalimu mstaafu akanong'ona, "Kumbe hajawahi kusema kitu." Watu walikaa popote, kushoto kulia hakuna.

Ilikuwa inakaribia mwisho nilipousikia mguu barazani. Alisimama mlangoni, mkongojo mkononi, pua imelala upande mmoja. Hakuwa na panga. Ile mikono inatosha. Alisema amekuja kumchukua mkewe.

Nilijiweka katikati ya mlango. Nikasema, "Haendi."

Akanitazama toka juu. "Nani kasema?"

Banda lote lilisikia. Hakuna aliyecheka. Nilisikia benchi moja likisogea, kisha mengine, watu wanasimama. Fundi Viatu alisimama kwa mguu mmoja. Lakini hakuna aliyefungua mdomo, miaka yote hakuna aliyewahi, wala mimi.

Mama Pacha aligeuka kwenye mto wake, akaondoa mtandio usoni. Akanyanyua ule mkono wa vidole vitatu ili aone vizuri nani anaongea.

"Mimi," akasema. "Mimi nimesema."

Mwenye Bucha alifungua mdomo. Nadhani hakuwa na neno la pili, hakuwahi kulihitaji. Alimtazama mkewe, akawatazama watu nyuma yake, wamesimama bega kwa bega hata pa kupita hapana. Akageuza mkongojo, akashuka barazani, akaenda zake juani akiburuta mguu. Hakuharakisha.

Kwenye shuka, Kenge naye alikuwa anaingia majini, mshono wangu umempita mgongoni. Mtu mmoja nyuma, kwa mazoea tu, akauliza kama safari hii kafa. Wote wakamgeukia Kasuku. Aliutazama mlango. Kisha akakiokota kipaza sauti na kuongea kwa sauti yake mwenyewe, ambayo hata mimi nilikuwa nimeanza kuisahau.

"Hajafa," akasema. "Anaondoka tu. Kaeni macho."

Nikabaki palepale mlangoni, nikiitazama barabara.